Kalamazoo: Mji unaovisha mbao nyeupe rangi ya jua

Treni inayotoka Chicago kwenda Detroit huingia Kalamazoo baada ya kupita mashamba ya mahindi na misitu kwa zaidi ya kilomita 200. Abiria anayeshuka hapo husogeza saa yake mbele kwa saa moja, kwa kuwa Michigan haifuati majira ya Chicago. Akishuka mwezi Oktoba, atadhani mji unaungua. Miti iliyokuwa ya kijani wiki chache kabla sasa ni ya manjano, chungwa na nyekundu, na majani yanaanguka barabarani, juu ya magari na juu ya mapaa.

Mingi ya miti hiyo ni mepo. Ni mti uleule ambao jani lake limechorwa kwenye bendera ya Kanada. Katika majimbo haya ya kaskazini mwa Marekani, kila familia ina jambo lake na mepo. Mwezi Machi, usiku ukiwa bado wa baridi kali na mchana ukianza kuwa na joto, watu hutoboa shina na kutega ndoo. Utomvu unaodondoka ni kama maji yenye sukari kidogo. Huchemshwa kwa saa nyingi mpaka lita 40 zibaki takriban lita moja ya sharubati nzito, ambayo watoto humiminiwa juu ya chapati za maji asubuhi ya Jumapili.

Lakini kilichoupa mji huu jina duniani si sharubati. Ni kile kinachofanyika mti ukishakatwa, ukapasuliwa mbao, ukakaushwa, kisha ukafika mikononi mwa mtu anayejua kuutia rangi.

Mbao ya mepo ikitoka kwenye randa ni nyeupe, karibu na rangi ya maziwa yaliyochanganywa na chai kidogo. Ni ngumu na nzito. Vitundu vyake ni vidogo mno, jicho halivioni. Msomaji aliyezoea mninga au mvule anaweza kuidharau, kwa kuwa haina damu. Mninga unajileta wenyewe, na mpingo wa Tanzania, unaotengenezewa zumari za klarineti na obo, hauhitaji rangi yoyote: ukipigwa msasa unang'aa. Mepo haiko hivyo. Uzuri wake umejificha ndani, na asiyejua kuutoa huishia kuuharibu.

Mtaa wa Parsons

Kutoka katikati ya mji kuelekea kaskazini, mwendo wa miguu usiozidi nusu saa, kuna mtaa uitwao Parsons. Namba 225 ni jengo la matofali lililofunguliwa mwaka 1917, na pembeni yake limesimama dohani refu la matofali. Kwa miaka 67 hapa palikuwa nyumbani kwa magitaa ya Gibson.

Jina hilo lilianza na mtu mmoja, Orville Gibson, aliyezaliwa jimbo la New York mwaka 1856 na kuhamia Kalamazoo akiwa kijana. Alipata kazi ya karani kwenye duka la viatu. Jioni alichonga mandolini na magitaa kwa namna yake: badala ya kukunja ubao mwembamba kwa mvuke, aliuchonga ubao mnene ukawa na tumbo kama la fidla. Mwaka 1898 alipata hataza ya uvumbuzi wake, na mwaka 1902 wafanyabiashara wa mji wakaanzisha kampuni kwa jina lake. Yeye mwenyewe hakukaa nayo sana. Afya yake ilikuwa mbaya kwa miaka mingi, akarudi New York, na huko alifariki mwaka 1918 baada ya kulazwa hospitalini mara kwa mara.

Katika miaka ya 1920 mafundi wa Parsons walianza kutengeneza mandolini na magitaa yenye mgongo wa mepo, kama wafanyavyo watengeneza fidla wa Cremona, Italia, kwa karne kadhaa. Walichukua pia wazo la rangi. Katikati ya ubao waliacha manjano ya asali, na kadiri mkono ulivyokwenda pembeni, rangi ilizidi kukolea mpaka ikawa kahawia nzito ukingoni. Wakaiita kahawia ya Cremona. Ukilitazama gitaa la namna hiyo, unaona kama jua linachomoza katikati ya mawingu, na ndivyo mtindo huo unavyoitwa mpaka leo: mchomozo wa jua.

Mwaka 1952 kampuni ilitoa gitaa la umeme lililopewa jina la mwanamuziki Les Paul. Mwili wake ulikuwa wa mahogani, na juu yake palibandikwa ubao wa mepo. Lakini mepo ile haikuonekana, kwa sababu ilifunikwa na rangi nzito ya dhahabu. Mwaka 1958 dhahabu ikaachwa. Mafundi wakachukua ubao mmoja wa mepo, wakaupasua katikati ya unene wake, wakaufungua kama kitabu ili pande mbili zilingane, kisha wakaupaka manjano na nyekundu zinazopitisha mwanga. Kwa mara ya kwanza, mnunuzi aliona miale ya mbao chini ya rangi.

Magitaa hayo yalitengenezwa mpaka mwaka 1960, takriban 1,500 tu, kisha yakasimamishwa kwa kuwa hayakuwa yakinunuliwa vya kutosha. Bei yake ilikuwa chini ya dola 300. Miaka michache baadaye wapiga gitaa wa Uingereza, akiwamo Eric Clapton na baadaye Jimmy Page, wakayatafuta kwa ajili ya sauti yake. Leo moja likipatikana zima huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola.

Rangi iliyokimbia

Kuna jambo ambalo wapaka rangi wa Parsons hawakulipanga. Nyekundu waliyotumia haikuweza kuvumilia jua. Gitaa lililokaa kwenye dirisha la duka lilianza kufifia ndani ya muda mfupi. Lililolala ndani ya sanduku lake chini ya kitanda lilibaki jekundu. Manjano ilivumilia zaidi, hivyo gitaa moja likawa rangi ya asali, jingine rangi ya chai, jingine rangi ya limau. Ukilifungua lililofifia na kuondoa kibao cha plastiki kinachokinga mbao, chini yake unakuta nyekundu ileile ya siku ya kwanza.

Mwaka 1960 kampuni ilianza kutumia nyekundu isiyofifia upesi. Lakini wanunuzi wa leo wanayapenda zaidi yale yaliyofifia, kwa kuwa hakuna mawili yanayofanana.

Rangi za jamii hiyo zina historia inayogusa hata nyumba zetu. Mwaka 1856, mwaka uleule aliozaliwa Orville Gibson, kijana wa miaka 18 mjini London, William Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kwa kutumia kemikali zinazotokana na lami ya makaa ya mawe. Dawa hakuipata. Alipata tope jeusi, na alipoliosha kwa spiriti likatoa zambarau nzuri. Huo ukawa mwanzo wa rangi za anilini, ambazo zilienea kwenye nguo, ngozi, wino na mbao.

Gharama yake ilionekana baadaye. Mwaka 1895 daktari wa upasuaji mjini Frankfurt, Ludwig Rehn, aliripoti saratani ya kibofu cha mkojo kwa wafanyakazi wa kiwanda cha rangi hizo. Rangi za mbao zinazouzwa leo si zile alizozishika mfanyakazi wa wakati huo, lakini somo limebaki: kinachopendeza machoni hakina budi kuulizwa kinafanya nini kikigusa ngozi au kikivutwa puani.

Baba, binti na ubao mweupe

Siku hizi si lazima uwe mfanyakazi wa kiwanda ili upake gitaa rangi. Mwili wa gitaa wenye uso wa mepo huuzwa ukiwa mtupu, na watu wengi humalizia kazi nyumbani. Fikiria baba na binti yake wa miaka 12 ndani ya gereji moja Kalamazoo, Jumamosi ya vuli, mlango umefunguliwa, majani yanaingizwa na upepo.

Kazi ya kwanza haina raha. Ni msasa. Wanaanza na namba 120, wanakwenda 150, 180 na kuishia 220, daima kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi za mbao. Mkwaruzo mmoja uliokatiza nyuzi hauonekani sasa, lakini rangi ikiingia utatokea kama kovu. Wakipita 220 na kuendelea na misasa laini zaidi, mbao itafungwa na kung'aa, nayo itakataa kunywa rangi.

Kisha baba anapangusa ubao kwa kitambaa chenye maji kidogo. Nyuzi zinasimama, ubao unakuwa mkwaruzo kama kidevu kisichonyolewa. Ukikauka, wanaupitisha msasa tena kwa mkono mwepesi. Wasipofanya hivyo sasa, rangi yenye maji itazisimamisha nyuzi hizo baadaye, na kazi itakuwa imeharibika. Maji pia yanafichua doa la gundi. Palipo na gundi pataonekana pamepauka, na hapo rangi haitashika hata kidogo. Ni lazima pakwanguliwe.

Baba anachagua rangi ya unga iliyoyeyushwa, si ile nzito ya makopo ya kupakia fanicha. Tofauti yake ni hii. Rangi ya fanicha ni chembe zilizosagwa, na chembe hizo hutafuta vitundu vya kukaa. Mepo haina vitundu vikubwa, hivyo chembe zinakusanyika hapa na kukosekana pale, na ubao unabaki na mabaka kama ngozi yenye fangasi. Rangi iliyoyeyuka kwenye maji au spiriti haina chembe za kutafuta pa kukaa. Inazama pamoja na kimiminika chake.

Wanaijaribu kwanza kwenye kipande cha mepo kilichobaki. Hiyo ni sheria ambayo fundi yeyote, awe wa Kalamazoo au wa Keko, Dar es Salaam, huivunja mara moja tu maishani.

Rangi ya kwanza ni kahawia nyeusi. Binti anashangaa kuona ubao mzuri ukigeuka kama sufuria iliyoungua. Ukikauka, baba anamkabidhi msasa.

"Futa."

"Baba, tumeipaka sasa hivi!"

"Futa, mwanangu. Utaona."

Hapo ndipo siri ya mepo inapotoka. Katika mti wa kawaida nyuzi huenda zimenyooka. Katika baadhi ya miti ya mepo hupinda kama mawimbi, ziende juu na chini. Ubao ukipasuliwa, sehemu moja nyuzi zinalala na sehemu inayofuata zinatazama juu, kama mirija iliyokatwa. Palipo na mirija, rangi inazama sana. Palipolala, inabaki juu. Msasa unapoondoa ya juu, iliyozama inabaki, na uso wote unajaa mistari ya kahawia kama ya pundamilia. Ukigeuza gitaa kuelekea mwanga, mistari inahama: iliyokuwa meusi inakuwa mieupe.

Binti anageuza ubao huku na huku. Hasemi kitu kwa muda.

Baada ya hapo manjano inapakwa juu yote kwa kitambaa, kwa mikupuo mirefu, bila kusimama katikati. Pembeni, ambako ubao umekatwa kuvuka nyuzi, wanapaka rangi iliyozimuliwa zaidi, kwa sababu sehemu hiyo hunywa kuliko nyingine zote. Mwisho ni nyekundu ukingoni, ikivutwa kuelekea katikati kwa kitambaa chenye spiriti mpaka isijulikane ilipoishia.

Ubao ukikauka unatisha. Umepauka, hauna uhai, kama nguo iliyofuliwa ikaanikwa juani mno. Wengi hukata tamaa hapa na kuongeza rangi. Ni kosa. Uhai hurudi pale tone la kwanza la vanishi linapogusa mbao. Ndiyo maana mafundi hupangusa ubao kwa spiriti kidogo ili waone, kwa sekunde chache, utakavyokuwa siku ya mwisho.

Kinachoingia mapafuni

Msomaji aliyewahi kupita karakana za Keko au Gikomba, Nairobi, anaijua harufu ya mahali penye laka na vumbi. Wengi wetu tumekua tukiipenda. Hata hivyo Kalamazoo ni mahali pazuri pa kuizungumzia kwa uangalifu, kwa sababu mji huu umeishi na dawa na sumu kwa pamoja.

Dawa ni hizi: mwaka 1886 daktari William Upjohn na ndugu zake walianzisha hapa kiwanda cha vidonge vinavyosagika kwa urahisi tumboni. Kiwanda hicho kikakua na hatimaye kikawa sehemu ya kampuni ya Pfizer. Desemba 13, 2020, malori ya kwanza ya chanjo ya UVIKO-19 ya kampuni hiyo nchini Marekani yaliondoka Portage, jirani kabisa na mji huu. Sumu ni hii: mto Kalamazoo, unaokwenda kumwaga maji yake Ziwa Michigan, ulichafuliwa kwa kemikali za PCB zilizotoka kwenye viwanda vya karatasi, na tangu mwaka 1990 umo kwenye orodha ya serikali ya maeneo yanayohitaji kusafishwa. Wakazi bado hushauriwa ni samaki gani wasile.

Vumbi la mbao nalo si uchafu wa kawaida. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao mwaka 1995 katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Saratani inayohusishwa nalo zaidi ni ya pua na mianzi yake, na ilionekana kwanza kwa watengeneza fanicha wa Uingereza waliofanya kazi miaka mingi kwenye vumbi la mbao ngumu. Hapa hapa Michigan, mwaka 1932, madaktari walieleza ugonjwa mkali wa kifua uliowapata watu waliobandua magome ya magogo ya mepo. Chanzo kilikuwa kuvu mweusi anayeota chini ya gome. Walipovuta unga wake walikohoa, wakabanwa na kifua na kupata homa.

Hilo halina maana kwamba baba na binti wa gereji wataugua kwa kusugua gitaa moja. Hatari iko kwa anayevuta vumbi kila siku kwa miaka, na kwa mtoto mwenye pumu hata siku moja inatosha kumletea shida. Ndiyo maana baba mwenye busara anafungua mlango, anavaa barakoa inayokaza usoni na kumvisha binti yake, na hafagii vumbi likiwa kavu. Analipangusa kwa kitambaa chenye maji. Jioni, nguo za kazi hazipandi kitandani wala kwenye kochi anapolala mtoto mchanga. Zinavuliwa nje, zinakung'utwa nje, zinafuliwa peke yake.

Kwenye laka mambo yanabadilika. Tangu miaka ya 1920 viwanda vya magitaa, pamoja na cha Parsons, vilihamia kwenye laka ya nitroselulosi, ambayo ilikuwa imetoka kwenye viwanda vya magari. Inakauka upesi na inang'aa vizuri, lakini hukauka kwa kurusha hewani kimiminika chote kilichoiyeyusha. Mvuke huo unaleta kizunguzungu na kichwa kuuma, na mama mjamzito hapaswi kuwa karibu. Pia unawaka moto kwa cheche moja ya swichi. Barakoa ya kitambaa au ya hospitalini haiuzuii. Kinachozuia ni kifaa cha kufunika pua na mdomo chenye vichujio vya mkaa, pamoja na hewa inayopita. Vanishi za kisasa za kuchanganya makopo mawili ni kali zaidi: baadhi zina kemikali za isosianati, ambazo zinaweza kumpa pumu mtu ambaye hakuwahi kuwa nayo.

Baba wa gereji, kwa kuwa ana mtoto ubavuni, anaacha laka. Anachukua shelaki, utomvu unaotolewa na wadudu wadogo huko India, ambao huyeyushwa kwa spiriti. Ni kitu kilekile kinachotumika kung'arisha pipi na kufunika baadhi ya vidonge. Anaipaka kwa kitambaa kilichofungwa kama kifundo, tabaka jembamba juu ya tabaka jembamba, siku baada ya siku. Laka ingemaliza kazi kwa muda mfupi zaidi. Shelaki itachukua wiki kadhaa, na haitavumilia jasho na pombe kama laka. Lakini binti anaweza kuipaka mwenyewe, dirisha likiwa wazi.

Jambo la mwisho kabla ya kufunga gereji: anayetumia mafuta ya kitani kumalizia mbao asitupe kitambaa chake kikiwa kimekunjwa. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichofinyangwa kwenye kona kinaweza kuwaka chenyewe usiku bila kiberiti. Kitandazwe nje kikauke, au kitumbukizwe kwenye ndoo ya chuma yenye maji. Nyumba zimeungua kwa jambo hilo.

Wanawake wa picha ile

Kuna picha ya mwaka 1944 inayoonyesha wanawake wapatao 75 wamesimama mbele ya jengo la Parsons. Wengine wamevaa aproni. Wanaume wengi walikuwa vitani. Serikali ilikuwa imebana matumizi ya chuma katika ala za muziki, na baadhi ya magitaa ya wakati huo hayakuwekwa hata fimbo ya chuma inayoimarisha shingo. Kiwanda kilitengeneza vifaa vya jeshi, na kwa miaka mingi baada ya vita maelezo ya kampuni yalikuwa kwamba magitaa hayakutengenezwa.

Yalitengenezwa, na kwa maelfu. Mwandishi John Thomas, aliyeanza na picha ile, aliwatafuta wanawake hao wakiwa wameshakuwa bibi na mabibi wakuu, akawakuta wachache wakiwa hai, na akaandika kitabu juu yao. Ndio waliochonga, kupiga msasa na kupaka magitaa ambayo leo wapenzi wa ala za zamani huyasifu kwa wepesi na sauti. Wengi walikuwa mama na mabinti waliotoka kwenye kazi za nyumbani, na vita vilipokwisha wanaume wakarudi, wengi wao wakarudi jikoni. Baadhi ya familia hazikujua kabisa kwamba bibi yao aliwahi kutengeneza gitaa.

Pigo lililofuata lilikuwa la mji mzima. Katikati ya miaka ya 1970 kampuni ilifungua kiwanda kipya Nashville, karibu kilomita 800 kusini, na mwaka 1984 ikafunga Parsons. Aliyetaka kubaki na kazi alilazimika kuhamisha watoto, kuacha wazazi na kuuza nyumba. Wengi hawakukubali. Mwaka 1985 watu waliokuwa wafanyakazi hapo, miongoni mwao Jim Deurloo, Marvin Lamb na J. P. Moats, wakanunua baadhi ya mashine za zamani na kuanza upya ndani ya jengo lilelile kwa jina la Heritage, yaani urithi. Mepo ikaendelea kupakwa rangi chini ya dohani lilelile.

Mji nao ulijishika. Mwaka 2005 wafadhili ambao hadi leo hawajatajwa majina waliahidi kulipia masomo ya juu ya wanafunzi wanaohitimu shule za serikali za Kalamazoo, kiwango kikitegemea miaka ambayo mtoto amesoma hapo. Ahadi hiyo inaendelea. Kwa hiyo binti wa gereji, kama anasoma shule ya serikali, hana sababu ya kuambiwa kwamba gitaa litamla ada.

Pa kulitundika

Baada ya wiki kadhaa shelaki imekuwa ngumu. Wanaipitisha msasa laini sana wenye maji, kisha wanasugua kwa kitambaa mpaka uso unaonyesha taa ya darini. Nje majani yote yameshaanguka, na asubuhi kuna barafu kwenye vioo vya magari. Hapa mafundi wana tahadhari moja zaidi: gitaa lililotoka kwenye baridi halifunguliwi sanduku papo hapo ndani ya nyumba yenye joto. Linaachwa saa kadhaa lizoee, la sivyo vanishi hupasuka mistari midogo kama udongo wa bwawa lililokauka.

Swali linalobaki ni pa kulitundika. Ukuta wa sebule una dirisha kubwa linalotazama kusini. Mama anasema jua litakula nyekundu. Baba anasema sandukuni litabaki jipya.

"Likikaa sandukuni nani atalipiga?" binti anauliza.

Linatundikwa ukutani. Chini ya kibao cha plastiki, pale ambapo mwanga haufiki, nyekundu ya Oktoba itabaki kama walivyoipaka wao wawili. Kwingine itaanza kuelekea rangi ya asali, na binti ataiona ikibadilika kila atakaporudi nyumbani likizo.